NYUMBA NJEMA SI MLANGO
Wakazi wa Shinyanga na Geita waulizwe wenyewe wanataka makazi ya namna gani

Wahenga walisema kwamba nyumba njema si mlango, na kwamba atakaye kuujua wema wake hana budi afungue aingie ndani. Usemi huu wafaa kukumbukwa kila tunapozungumza habari za makazi katika nchi ya dhahabu na almasi. Msafiri atokaye Shinyanga kwenda Kahama, akapita Ushirombo, Runzewe na Bwanga hata akafika Katoro na Geita, huona mabati mapya yanameremeta pande zote za barabara, naye husema moyoni mwake kwamba nchi imejengeka. Hasemi uongo. Lakini apitaye barabarani haoni ni watu wangapi wanalala katika chumba kimoja, wala moshi wa jiko unatokea wapi, wala ukuta umesimama juu ya msingi gani, wala kama alalaye humo ana haki ya kulala humo mwaka ujao.

Tuanze na hesabu, maana hesabu haina upendeleo. Mkoa wa Geita ulizaliwa mwaka 1912 wa karne iliyopita? La, ni mkoa mchanga kabisa: ulitangazwa mwaka 2012, ukakusanya wilaya zilizotoka katika mikoa ya Mwanza, Shinyanga na Kagera. Sensa ya mwaka huo ilihesabu humo watu 1,739,530. Sensa ya mwaka 2022 ilikuta watu 2,977,608. Maana yake ni kwamba katika miaka kumi waliongezeka watu 1,238,078, yaani watu 71 zaidi kwa kila 100 waliokuwapo. Mkoa wa Shinyanga nao ulitoka watu 1,534,808 ukafika 2,241,299. Katika muda huo huo taifa zima lilitoka watu milioni 44.9 likafika milioni 61.7, nalo lilipopiga hesabu yake ya mwaka 1967 lilikuwa na watu milioni 12.3 tu.

Sasa tufanye makisio mepesi. Tukichukua kwamba kila kaya ina watu sita, basi nyongeza ya watu wa Geita peke yake imehitaji nyumba zaidi ya 200,000 katika miaka kumi. Hiyo ni sawa na nyumba 56 kila siku iendayo kwa Mungu, Jumapili na sikukuu zikiwamo. Ni nani aliyezijenga nyumba hizo? Shirika la Nyumba la Taifa, lililoundwa mwaka 1962, limefanya kazi kubwa katika nchi hii, na hata mjini Geita limejenga nyumba katika eneo la Bombambili. Lakini shirika hilo halikuweza, wala lisingeweza, kujenga nyumba 56 kwa siku katika mkoa mmoja. Mjenzi mkuu wa nchi hii ni mwananchi mwenyewe. Yeye ndiye aliyefyatua tofali, akanunua bati moja moja, akamlipa fundi kwa mavuno ya pamba au ya mpunga, au kwa bahati ya duara lililotoa dhahabu. Basi mtu aliyejenga karibu yote ndiye wa kwanza kuulizwa: wewe ndugu, wataka nyumba ya namna gani, na ni kitu gani kinachokuzuia kuipata?

MKULIMA NA MFUGAJI

Jibu la kwanza lapatikana katika kaya ya Kisukuma. Aliyeizoea kaya hiyo ajua kwamba si nyumba moja. Ni mkusanyiko wa nyumba, ghala la nafaka na zizi la ng'ombe, vyote vimezungukwa na uzio wa minyaa. Nyumba ya baba ina mahali pake, ya kila mama ina mahali pake, vijana wana yao, na mgeni ana pa kuketi. Jioni wanaume hukusanyika kwenye moto wa shikome, na huko mambo ya ukoo huamuliwa. Shamba liko karibu, na mifugo huonekana kutoka mlangoni. Nyumba ya namna hii ni mahali pa kulala, nayo ni mahali pa kazi, benki, ghala na baraza pia. Mtu akiambiwa ahamie katika nyumba ya vyumba vitatu chini ya paa moja, hata kama kuta zake ni za saruji, atauliza: ng'ombe wangu watalala wapi, na mama yangu mzee atapikia wapi?

Swali hilo tulikwisha kulijibu vibaya mara moja. Mwezi Novemba mwaka 1973 Serikali ilitamka kwamba kuishi pamoja vijijini ni lazima, na kwamba kazi hiyo iwe imekamilika kabla mwaka 1976 haujaisha. Mwaka 1974 kaya nyingi za Shinyanga zilihama. Shabaha ilikuwa njema, maana haiwezekani kupeleka shule, zahanati na kisima kwa kila mtu aishiye peke yake porini. Na shule na zahanati nyingi za vijijini zilipatikana kwa sababu hiyo. Lakini mahali pengi nyumba zilipangwa kwa mstari bila kutazama aina ya udongo, umbali wa mashamba wala malisho. Mkulima alijikuta akitembea mwendo mrefu kufika shambani, na ng'ombe wengi wakabanwa mahali pamoja hata ardhi ikachakaa. Shuruti ilipolegea, wengi walirudi walikotoka. Funzo ni wazi: mpango mwema usiomwuliza mwenye nyumba hujengwa mara mbili.

Liko funzo la pili katika mkoa huo huo, nalo ni la faraja. Shinyanga ilikuwa imepoteza miti yake kwa miaka mingi, kwanza kwa ufyekaji wa vichaka uliofanywa wakati wa ukoloni ili kufukuza mbung'o, kisha kwa mashamba ya pamba, mifugo na kuni. Mwaka 1986 ulianzishwa mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ujulikanao kwa kifupi HASHI. Mpango huo haukuleta desturi ngeni. Ulifufua ngitili, yaani desturi ya Wasukuma ya kutenga sehemu ya malisho na miti isiguswe mpaka kiangazi. Kwa kuwa jambo lilikuwa la watu wenyewe, zaidi ya hekta 300,000 zilirudi kuwa ngitili kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2000. Kutoka humo watu hupata malisho, kuni, dawa, na nguzo na fito za kujengea. Hivyo mwenye ngitili ameanza nyumba yake kabla hajanunua msumari.

UKUTA NA MOSHI

Tusidhani hata hivyo kwamba kila kilicho cha zamani ni chema na kiachwe kama kilivyo. Usiku wa tarehe 3 Machi mwaka 2015 mvua kubwa ya mawe yenye upepo mkali iliipiga Mwakata katika Wilaya ya Kahama. Watu zaidi ya 40 walipoteza maisha. Nyumba nyingi zilikuwa na kuta za udongo, na udongo ukisharowa hauna nguvu ya kubeba paa wala ya kusimama peke yake. Kuta ziliwaangukia watu waliokuwa wamelala. Mvua ile haikuletwa na mwanadamu, lakini ukuta usio na msingi ni jambo ambalo mwanadamu aweza kulirekebisha.

Udongo wa sehemu hizi una tabia zake, na Wasukuma wamezijua tangu zamani hata wakaupa kila mmoja jina lake. Luseni ni mchanga wa juu ya miinuko. Udongo mweusi wa mbugani huvimba wakati wa masika na kupasuka wakati wa kiangazi. Ajengaye juu ya udongo huo mweusi bila kuchimba msingi wa kutosha ataona ufa ukutani kabla mwaka haujaisha, na usipoziba ufa utajenga ukuta. Fundi mwema ajua kwamba msingi wa mawe, lenta izungukayo kuta zote, paa lililofungwa barabara kwenye kuta, na ukingo wa bati utokezao nje kuukinga ukuta na mvua, ni mambo manne yatenganishayo nyumba na kaburi. Gharama yake si ya kumshinda kila mtu, lakini wengi hawakufundishwa, na wengi huziruka hatua hizo kwa sababu fedha yote imekwenda kwenye mabati yanayoonekana.

Moshi nao una habari yake, tena habari ya kutisha. Mahali pasipo na miti watu hupikia kinyesi cha ng'ombe na mabua. Mama apikaye kwa miaka arobaini katika jiko lisilo na dirisha macho yake huwa mekundu. Katika Usukuma, macho hayo mekundu yamekuwa sababu ya kina mama wazee kuitwa wachawi na kuuawa kwa mapanga. Uchunguzi wa miaka ya 1970 hadi 1984 ulihesabu katika Tanzania Bara vifo zaidi ya 3,000 vilivyohusishwa na tuhuma za uchawi, vingi vikiwa katika Usukuma, na wengi wa waliouawa wakiwa wanawake. Twajua kwamba nyuma ya tuhuma hizo mara nyingi huwamo ugomvi wa mashamba na urithi, na kwamba kosa ni la mwuaji. Lakini yatupasa tujiulize: ni kina mama wangapi wangaliepukana na ushahidi huo wa uongo kama jiko lao lingalikuwa na tundu la kutolea moshi? Dirisha la jikoni latajwa mwisho katika michoro ya nyumba. Mama akiulizwa peke yake, bila mumewe kumjibia, huenda akalitaja la kwanza.

Tuongeze na malaria, maana mikoa ya Geita na Shinyanga imo miongoni mwa ile inayosumbuliwa zaidi na ugonjwa huo. Mbu huingia kwa kupitia mwanya ulio baina ya ukuta na paa. Kuziba mwanya huo na kutia wavu madirishani ni kazi ya siku chache, nayo humlinda mtoto kila usiku hata akisahau chandarua.

MCHIMBAJI MDOGO

Tukitoka kwa mkulima twafika kwa mchimbaji mdogo, naye jibu lake ni jingine kabisa. Mgusu, Nyarugusu, Rwamgasa na mahali pengine pengi katika Geita, habari ya dhahabu ikisikika leo, rashi huanza kesho. Watu hufika kwa mamia, kisha kwa maelfu. Kwanza hutanda maturubai juu ya miti, kisha huja mama lishe, maduka ya dawa, makarasha ya kusaga mawe na vilabu. Na kabla halmashauri haijajua, pamekuwa mji. Mchimbaji haoni sababu ya kujenga nyumba ya tofali mahali ambapo duara laweza kukauka mwezi ujao, au ambapo leseni ya ardhi ile ni ya mtu mwingine aliye mbali. Mwaka 1996 wachimbaji wadogo wengi waliondolewa Bulyanhulu ili mgodi mkubwa ujengwe, na kumbukumbu hiyo haijafutika. Mtu asiyejua kama kesho atakuwapo hujenga kama mtu atakayeondoka leo.

Kwa hiyo kumwambia mchimbaji ajenge nyumba ya kudumu juu ya machimbo ni kupoteza maneno. Anachokihitaji ni kitu kingine: maji safi ya kunywa yasiyochangamana na ya mwalo, vyoo vya shimo vilivyo mbali na visima, mahali pa kulala pasipovuja, na shule kwa watoto waliomfuata. Zaidi ya yote, kazi itengwe na nyumba. Mahali pengi dhahabu iliyoshikamana na zebaki huchomwa jikoni au uwani, na mvuke wake huingia katika mapafu ya mke na watoto, na kutulia katika kuta na vyakula. Katika miaka ya 2000 mradi wa Umoja wa Mataifa ulifanya kazi Rwamgasa kuwafundisha wachimbaji kutumia chombo cha kunasa mvuke huo kiitwacho ritoti, na mwaka 2020 Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata wa kupunguza zebaki. Mkataba utakuwa na maana siku ile kila kambi itakapokuwa na banda moja la kuchomea, mbali na mahali wanapolala watu.

Lakini mchimbaji huyo huyo, akipata, hujenga. Hajengi machimboni, hujenga Katoro, au Kahama, au nyumbani kwao alikotoka. Soko la kwanza la madini katika nchi lilifunguliwa mjini Geita mwezi Machi mwaka 2019, na dhahabu iliyokuwa ikipita kwa siri sasa yauzwa hadharani. Sehemu ya fedha hiyo hugeuka kuwa tofali. Kwa hiyo miji midogo iliyo kati ya machimbo ndiyo makazi halisi ya wachimbaji, na huko ndiko viwanja vipimwe mapema.

MFANYAKAZI NA MPANGAJI

Mfanyakazi wa mgodi mkubwa naye ana shida zake. Tangu zamani kampuni za madini zimetoa majibu ya namna mbili. La kwanza ni mji wa kampuni. Mwadui, ambako John Williamson aligundua almasi mwaka 1940, ilikuwa na nyumba, hospitali, shule na kiwanja cha ndege ndani ya uzio. Wengi waliokulia huko hukumbuka usafi na utaratibu wake. Lakini nyumba ya kazi ni ya kazi: kazi ikiisha, nayo imekwisha, na mzee aliyetumika miaka thelathini hutoka langoni akitafuta pa kuanzia kufyatua tofali. Jibu la pili ni kambi ya zamu, ambamo mfanyakazi hulala peke yake wiki kadhaa, kisha akarudi kwa mkewe aliye mbali. Kambi hulisha mwili, lakini haikuzi watoto.

Nchi nyingine zimeonja uchungu wa jambo hili. Katika Afrika ya Kusini, tarehe 16 Agosti mwaka 2012, polisi waliwaua wachimbaji 34 wa platina waliokuwa katika mgomo huko Marikana. Ugomvi ulikuwa wa mishahara. Lakini tume ya uchunguzi iliyoongozwa na Jaji Farlam ilieleza kwamba kampuni ilikuwa imeahidi kuwajengea wafanyakazi wake nyumba 5,500, ikajenga tatu tu za kuonyeshea. Watu waliishi katika vibanda vya bati pembeni mwa utajiri mkubwa. Asidhani mtu kwamba nyumba ni jambo la pembeni katika amani ya kazi.

Walio wengi hata hivyo hawamo katika mji wa kampuni wala kambini. Ni wapangaji wa mjini: dereva, mlinzi, mwalimu, muuguzi, mpishi, kijana wa gereji, msichana wa dukani. Hawa huishi katika nyumba ambayo tunaijua sote, yenye ukumbi katikati na vyumba pande mbili, uwani kukiwa na jiko, choo na bomba la pamoja. Mwenye nyumba huenda ni mjane aishiye katika chumba cha mbele, na kodi ya vyumba vingine ndiyo pensheni yake. Nyumba ya namna hii imewahifadhi watu wengi kuliko mradi wowote, na wala si aibu. Mpangaji akiulizwa, mara nyingi hatataja ghorofa. Atataja mambo matatu: asidaiwe kodi ya miezi sita au kumi na miwili kwa mkupuo kabla hajapata mshahara wa kwanza; asiongezewe kodi wala kufukuzwa ghafla kila madini yanapopanda bei; na awe na choo na maji yasiyogombaniwa na watu ishirini. Sheria ya kudhibiti kodi ya mwaka 1984 ilifutwa mwaka 2005, na tangu hapo mpangaji hutegemea zaidi mkataba wake. Ikiwa mkataba ni wa mdomo, ulinzi wake nao ni wa mdomo.

WALIOHAMISHWA

Kundi la mwisho ni la wale ambao nyumba zao ziliondolewa ili mgodi, reli au bomba lipite. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 na kanuni zake za mwaka 2001 zinasema kwamba fidia ihesabiwe kwa thamani ya soko, pamoja na posho ya usumbufu, ya usafiri, na ya makazi kwa miezi 36. Hizo ni haki njema. Lakini fedha taslimu ni mgeni asiyekaa. Mtu aliyezoea kuhesabu mali yake kwa ng'ombe na kwa shamba akipewa mamilioni siku moja, huenda mwaka ujao hana fedha wala paa. Katika mradi wa bomba la mafuta litokalo Hoima, Uganda, hata Chongoleani, Tanga, ambalo hupita katika mikoa ya Geita na Shinyanga, kaya zilizopoteza nyumba ziliwekewa hiari ya kuchagua fedha au nyumba mpya, na zilizo nyingi zilichagua nyumba. Jambo hili latufundisha kwamba wananchi wakipewa hiari ya kweli hujua kuchagua. Yafaa pia waulizwe jiko liwe wapi, na zizi liwe wapi, kabla msingi haujachimbwa.

Na wako wanaohamishwa na ajali. Tarehe 7 Novemba mwaka 2022 ukuta wa bwawa la matope ya mgodi wa Mwadui ulibomoka, na matope yakafunika mashamba na nyumba za vijiji jirani. Hapakuwa na vifo, na hilo ni jambo la kushukuru. Lakini lilikumbusha kwamba umbali kati ya mgodi na mlango wa mwananchi ni jambo la usalama, na kwamba yampasa mwananchi ajulishwe kabla hajajenga, si baada.

LIFANYWE NINI?

Tumesikia majibu mengi na tofauti. Mkulima ataka nafasi, mchimbaji ataka usafi na usalama, mfanyakazi ataka kwake, mpangaji ataka mkataba, aliyehamishwa ataka hiari. Hakuna ramani moja ya nyumba itakayowaridhisha wote, na atakayekuja na ramani moja kutoka mbali amekwisha kukosea. Yako mambo sita ambayo yaweza kufanywa bila kungoja.

La kwanza, viwanja vipimwe kabla ya watu, wala si baada yao. Katoro haikujificha, ilikua mbele ya macho yetu. Kupima shamba tupu ni rahisi, lakini kupitisha barabara katikati ya nyumba mia tano ni kuvunja na kulipa. Viwanja viwe vya ukubwa mbalimbali, vidogo kwa mwenye kipato kidogo na vikubwa pembeni mwa mji kwa mwenye mifugo.

La pili, mkopo ufuate mwendo wa mjenzi. Mwananchi wa kawaida hujenga msingi mwaka huu, boma mwaka ujao, paa mwaka wa tatu. Maboma yaliyoota nyasi yameenea kila mahali, nayo si alama ya uvivu. Ni akiba iliyosimama. Benki ya Nyumba Tanzania, iliyoanzishwa mwaka 1972, ilikwisha mwaka 1995, na mikopo ya rehani ya siku hizi hudai hati na karatasi ya mshahara, vitu ambavyo mkulima na mchimbaji hawana. Vyama vya akiba na mikopo vyaweza kutoa mkopo mdogo wa hatua moja: wa bati, au wa lenta, au wa choo, ukalipwa kabla ya hatua inayofuata.

La tatu, ufundi uwafikie watu. Wakala wa utafiti wa nyumba bora na vifaa vya ujenzi umekwisha kuonyesha tofali za udongo na saruji kidogo, zinazoshindiliwa kwa mashine ya mkono na kufungamana zenyewe. Tofali hizo hazichomwi, kwa hiyo hazili miti. Mkoa uliotumia miaka mingi kurudisha ngitili zake usizirudishe tena tanuruni.

La nne, kila upangaji uwe na maandishi, hata ukurasa mmoja, wenye kutaja kodi, muda na notisi, na ofisi ya mtaa iweke nakala. Maandishi hayo humlinda mpangaji, na humlinda mjane mwenye nyumba vilevile.

La tano, jina la mama liandikwe. Sheria yakataza nyumba ya ndoa kuwekwa rehani bila ridhaa ya mwenzi. Lakini ridhaa hujulikana kwa urahisi pale ambapo hati ina majina mawili. Katika nchi ambayo dhahabu humfanya mwanamume aondoke alfajiri na kurudi baada ya miaka miwili, hati ya majina mawili ni paa la watoto.

La sita, utajiri wa chini ujenge juu. Halmashauri zenye migodi hupata ushuru wa huduma kutoka katika mapato ya mgodi, na sheria ya madini yaitaka kampuni iandae pamoja na halmashauri mpango wa kuwahudumia jamii kila mwaka. Katika mikutano ya vijiji na mitaa wananchi waulize ni kiasi gani kimekwenda kwenye mabomba, mitaro na barabara za viwanja vipya. Maji ya Ziwa Viktoria yalifika Shinyanga na Kahama kwa mradi uliozinduliwa mwaka 2009, na kila aliyechota maji kwenye madimbwi kabla ya hapo ajua tofauti yake. Bomba likifika, mwananchi hujenga mwenyewe.

Mgodi wa kwanza wa Geita ulianza miaka ya 1930 ukafungwa mwaka 1966. Mkubwa wa sasa ulianza mwaka 2000. Buzwagi ulianza mwaka 2009, na mwaka 2021 uzalishaji wake ulikoma. Dhahabu ina mwisho, na mwisho wake huandikwa katika vitabu vya kampuni tangu siku ya kwanza. Watoto waliozaliwa Geita, Kahama na Katoro katika miaka hii watabaki pale shimo litakapokwisha. Kitakachowabakia ni nyumba tutakazokuwa tumezijenga, viwanja tutakavyokuwa tumevipima, na hati tutakazokuwa tumeziandika. Wakulima, wachimbaji na wafanyakazi wa sehemu hizi wamekwisha kuonyesha kwamba wao ni wajenzi. Waulizwe, wasikilizwe, kisha wapewe njia ya kujenga.